Rangi za jeshi la vinyago: zipi ununue kwanza, zipi uachane nazo

Wengi wanaoanza huuliza rangi ipi inapendeza. Mimi huuliza kinyago kimoja, yaani sanamu ndogo ya askari wa mchezo wa vita wa mezani, kitapakwa mara ngapi kabla hakijafaa kuwekwa mezani. Jeshi la njozi linaweza kufika askari arobaini, kila mmoja wa kimo cha milimita 28 hivi, na rangi zake huzikuti hadiweani. Unaagiza nje, unalipia usafiri na ushuru, unasubiri. Kwa hiyo nimepanga michanganyiko hii kwa wepesi wa kazi na uchache wa chupa, nikimfikiria mtu wa Kisumu au Nakuru anayepaka jioni baada ya kazi.

1. Mfupa na kahawia

Hapa sina ubishi. Paka andakoti, yaani mpako wa kwanza wa chini, ya rangi ya mfupa, halafu kivuli cha kahawia kinyago kizima. Agrax Earthshade ya chapa ya Citadel ndiyo inayojulikana zaidi. Rangi hiyo ni majimaji, hujikusanya kwenye mikunjo ya nguo, katikati ya mbavu na vidole, na ikikauka sura inajitokeza yenyewe. Ngao na bendera zipe rangi moja kali, tuseme nyekundu iliyoiva. Mfupa, kivuli, chuma, nyekundu: chupa nne, jeshi limekwisha. Mkono ukitetemeka kidogo, kahawia inaficha.

2. Chuma na joho la rangi moja

Inawafaa mashujaa wa deraya na mbilikimo. Andakoti nyeusi, fedha kwa brashi kavu, kivuli cheusi juu yake. Brashi kavu maana yake unachovya, unafuta kwenye tishu mpaka karibu rangi iishe, kisha unapitisha juu juu ili ishike kingo tu. Usiharibu brashi ya bei kwa kazi hii. Ile ya poda ya uso, nene na laini, inaifanya vizuri zaidi. Ila usisahau joho. Fedha tupu, ukiitazama kutoka upande wa pili wa meza, ni kijivu kitupu.

3. Rangi za mpako mmoja

Contrast za Citadel zilitoka 2019, Speedpaint za The Army Painter 2022. Unapaka mara moja juu ya andakoti nyeupe au krimu. Rangi inakolea mabondeni na kufifia kwenye vilele. Kwa ngozi ya kijani ya orki, yale majitu ya njozi, manyoya na magamba, hakuna njia ya haraka kuliko hii. Kwenye ngao pana iliyo bapa huacha mabaka. Nimeziweka ya tatu kwa sababu kila rangi unayoitaka ni chupa nyingine ya kuagiza. Speedpaint ununue toleo la pili, la 2023. La kwanza lilikuwa likiloweshwa linayeyuka tena na kuchafua rangi ya juu.

4. Bluu iliyokolea na dhahabu

Inapendeza na bluu hufunika vizuri. Dhahabu ndiyo inayokula muda.

5. Njano, nyeupe, waridi

Najua, mtu wa Nakuru atatamani jeshi la rangi ya heroe. Lakini njano haifuniki nyeusi. Utarudia mipako mpaka sura ijae rangi. Nyeupe nayo huacha chengachenga kama chokaa. Ukishikilia njano, tanguliza waridi au kahawia hafifu chini yake.

Andakoti usiagize

Makopo ya kupuliza ni mzigo wa hatari kwenye ndege, na wauzaji wengi hawayatumi. Nenda maduka ya spea, uulize prima (andakoti) ya magari isiyong'aa, ujaribu kwanza kwenye fremu ya plastiki iliyobaki baada ya kukata vipande vya vinyago. Kisumu, pulizia katikati ya asubuhi: hewa yenye unyevu wa ziwa hufanya rangi ikauke na ukungu, na jua kali la mchana huikausha kabla haijafika kwenye kinyago, ikatua kama mchanga. Nakuru maliza kabla upepo wa alasiri haujaleta vumbi.

Rangi ya mafuta ya milango usiiguse, ni nzito na itaziba macho na vifungo vyote. Akriliki za wanafunzi zinazouzwa maduka ya vitabu zinatosha kwa udongo na mawe ya kitako anachosimamia askari.