Plasma au LCD kwa bajeti ndogo: uliza taa kwanza, inchi baadaye

Malalamiko yanayomfikia fundi wa TV kila wiki ni yaleyale: sauti ipo, picha hakuna. TV haijaanguka, mtoto hajaipiga, na mwaka wa pili bado haujaisha. Mwenye nayo siku ya kununua aliuliza inchi, akauliza kama ni smart, akabishana hadi akapunguziwa elfu kumi na tano. Kitu ambacho hakukiuliza ndicho kilichokufa, nacho ni taa.

Kwa hiyo hapa sitazungumzia inchi wala idadi ya matundu ya HDMI. Hayo yameandikwa kwenye boksi. Mwenye laki tatu hadi laki sita anayesimama Kariakoo au Darajani akipima plasma ya used na LCD mpya anachagua hasa namna mbili za kutengeneza mwanga, na kila namna ina gharama yake siku ikiharibika.

Plasma haina taa nyuma. Kila nukta ya kioo ni vichumba vidogo vyenye gesi ya neon na xenon. Umeme ukipita, gesi hutoa mionzi isiyoonekana, mionzi hiyo hugonga unga maalumu uliopakwa ndani, na unga ndio unaong'aa mwekundu, kijani au bluu. Ndiyo maana weusi wa plasma ni weusi kweli, mpira ukipigwa hauachi mkia, na aliyekaa mkekani pembeni anaona sawa na aliye kwenye kochi katikati. LCD ni kinyume chake: kioo chenyewe hakitoi mwanga hata kidogo, kinaziba na kufungulia mwanga unaotoka nyuma yake. Zamani mwanga huo ulitoka kwenye mirija myembamba ya aina ya tyubulaiti, siku hizi unatoka kwenye vijitaa vya LED. Muuzaji anayekwambia "hii siyo LCD, hii ni LED" anakuchanganya. LED ni LCD iliyobadilishwa taa.

Kwenye TV za used mchanganyiko ni mkubwa zaidi, maana flati yoyote nzito huitwa plasma. Usibishane, igeuze usome lebo ya mgongoni. Samsung iliyotengenezewa Ulaya ikianza na PS ni plasma, LE ni LCD ya mirija, UE ni LCD ya LED. Zilizotoka Marekani ni PN, LN na UN kwa mpangilio huohuo. Panasonic ya TX-P au TC-P ni plasma, TX-L au TC-L ni LCD. LG huanza na ukubwa: 42PJ350 ni plasma, 42LD450 ni LCD ya mirija, 42LE5500 ni ya LED. Lebo hiyohiyo ina mambo mengine mawili ya kusoma, volti na wati. Ikiandikwa 100-240V au 220-240V ni salama. Ikiandikwa 120V peke yake, au 100V kama nyingi za Japani, ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230V fyuzi na bodi ya umeme vinaondoka papo hapo, na transfoma ya kuibeba ni gharama nyingine ambayo hukuipigia hesabu.

Sasa wati. Plasma ya inchi 42 hula wati 150 hadi 300 kutegemea picha, na uwanja wa mpira wenye jua ni picha inayokula sana. Chukua wastani wa 200. Saa sita kwa siku ni uniti 1.2, kwa mwezi uniti 36. LED ya inchi 43 inayokula wati 70 kwa saa hizohizo inamaliza uniti kama 12.6. Kwa mteja wa TANESCO wa kundi la T1 anayelipa takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, tofauti ni zaidi ya elfu nane kwa mwezi, karibu laki moja kwa mwaka. Kwa aliye D1, kundi la watumiaji wadogo wenye bei nafuu, mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu kundi hilo linaishia uniti 75 kwa mwezi na plasma peke yake imekula karibu nusu. Pasi na friji vikiongezeka utavuka, na ukishavuka bei ya uniti si ile tena. Isitoshe, wati zote hizo mwisho wake ni joto, na sebule ya Dar mwezi wa Februari haihitaji joto la ziada.

Turudi kwenye taa, maana hapa ndipo pesa ya mtu inapopotelea.

Ndani ya LED ya kawaida, nyuma ya kioo na karatasi nyeupe za kusambaza mwanga, kuna stripu za taa. Inchi 32 nyingi zina stripu mbili au tatu. Kila kijitaa hutumia volti 3 au 6, na vyote vimeunganishwa kwa mfuatano, kimoja kinampa mwenzake umeme. Kimoja kikikatika, mstari mzima unazima. Bodi ikigundua kuna tatizo nayo inakata umeme wa taa zote, hivyo unaona picha inamulika sekunde moja au mbili kisha giza, huku taarifa ya habari ikiendelea kusomwa. Zima taa ya chumba, washa tochi ya simu, imulike kwenye kioo kwa kuiinamisha. Ukiona picha hafifu inacheza, kioo na bodi kuu ni vizima, taa ndizo zimekufa.

Kwa nini zinakufa mapema? Mtengenezaji anayetaka kushusha bei anapunguza idadi ya vijitaa, kisha anasukuma umeme mwingi kwa vichache vilivyobaki ili dukani TV ionekane kali. Joto linaongezeka, na bati la nyuma ni jembamba mno kulitawanya. Kijitaa cheupe cha LED kwa asili ni cha bluu kilichofunikwa unga wa njano. Joto likiuchosha unga huo, picha inaanza kuvuta bluu au zambarau pembeni, na ukiona hivyo jua kwamba giza liko njiani. Dalili nyingine ni duara dogo jeupe kali lisilohama kwenye picha: juu ya kila kijitaa kuna lenzi ya plastiki iliyogandishwa kwa gundi, gundi imelainika kwa joto na lenzi imeanguka.

Kubadilisha taa si kazi ya dakika kumi. Fundi lazima avue fremu na anyanyue kioo, na kioo cha LCD bila fremu kinapasuka kwa kukunjwa kidogo tu. Mikanda myembamba inayokiunganisha na bodi ikichanika, TV imekwisha, kwa kuwa bei ya kioo inakaribia bei ya TV mpya. Fundi mzuri hutumia vinyonyeo vya mpira, hufanyia kazi mezani pasipo vumbi, na hukataa kubadilisha kijitaa kimoja. Anaweka seti nzima ya stripu zenye namba ileile iliyochapwa kwenye stripu ya zamani, volti zilezile, kisha anapunguza umeme unaozifikia. Anayekubandikia kijitaa kimoja kipya katikati ya vilivyochoka atakuona tena baada ya muda mfupi, na utalipa mara ya pili.

Kwa hiyo nenda dukani na flashi yenye picha tano: nyeupe tupu, kijivu, nyeusi, nyekundu na bluu. Ichomeke kwenye USB. Acha TV iwake walau dakika ishirini kabla ya kuamua, kwa sababu kasoro nyingi hujitokeza ikishapata joto. Kwenye nyeupe tafuta zambarau pembeni na maduara ya lenzi. Kwenye nyeusi tafuta mwanga unaovuja kwenye kona. Muuzaji akiharakisha, akasema umeme unaisha au kuna mteja mwingine, mwache na huyo mteja.

Mpangilio wangu ni huu.

Ya kwanza ni LCD mpya ya LED, na kwa bajeti hii naitetea Hisense bila kusita. Nachukua ya inchi 32, au 40 hadi 43 kama pesa inaruhusu, hata isiyo smart. Sababu yangu ni spea. Ni chapa iliyojaa majumbani, kwa hiyo mafundi wanaijua, stripu zake zinatafutika kwa namba, na bodi ya umeme ya kuazima kutoka TV iliyopasuka kioo haikosekani. TCL naiweka nyuma yake kwa sababu hiyohiyo. Siku ya kwanza nyumbani toa TV kwenye hali ya duka, weka ya nyumbani, kisha ingia kwenye mipangilio ya picha, sehemu iliyoandikwa Backlight, ishushe kutoka 100 hadi 50 au 60. Usichanganye na Brightness, ambayo kwenye TV nyingi hugusa weusi wa picha na kuziacha taa zikiungua vilevile. Jicho litazoea ndani ya siku mbili. Hakuna hatua nyingine ya bure inayorefusha maisha ya TV kama hii.

Ya pili ni LED ya used ya Samsung, LG au Sony, ikiwa imefaulu jaribio la flashi na volti zake zinafaa. Kioo cha zamani cha kampuni hizi mara nyingi kina rangi nzuri kuliko kipya cha bei ya chini. Kinachosumbua ni king'amuzi cha ndani: zilizotoka Uingereza miaka ya kabla ya 2010 zinashika DVB-T, mfumo wa zamani wa matangazo ya dijitali ya antena, wakati matangazo yetu mengi ni ya mfumo mpya, DVB-T2. Kama una king'amuzi chako cha nje chenye HDMI, hilo halikuhusu.

Ya tatu ni plasma, na ni Panasonic Viera za 2011 hadi 2013 peke yake. Picha yake ya mpira usiku, taa za sebuleni zikiwa zimezimwa, bado inazishinda LED nyingi mpya za bei hii. Nasema hivyo kwa moyo wote, na bado sikushauri uinunue kama umeme unakubana. Panasonic waliacha kutengeneza plasma mwishoni mwa 2013, Samsung na LG wakafuata 2014. Maana yake kila bodi utakayobadilishiwa imetoka kwenye TV nyingine iliyokufa. Ukiwa dukani weka picha nyeupe na kijivu, utafute vivuli vya nembo ya chaneli au kisanduku cha magoli kona ya juu. Kivuli kilichoganda sana hakitoki. Omba iwashwe ikiwa imepoa kabisa: ikigongagonga bila kuwaka, au taa nyekundu ikikonyeza kwa idadi inayojirudia, bodi mojawapo imekwisha. Isafirishe ikiwa imesimama, watu wawili, kamwe usiilaze kwenye keria ya bajaji, kwani kioo chake ni kizito na hupasuka kwa uzito wake chenyewe. Na usiifunge kwenye inveta ndogo ya sola.

Ya nne ni LCD ya mirija. Usinunue. Inakula umeme mwingi kuliko LED bila kukupa picha ya plasma, na mirija yake na inveta ya kuiwasha ni shida kupata.

Zile za majina mapya kila msimu zinazouzwa chini ya wenzake wote, kama huna njia nyingine chukua ya inchi 24, siyo 43. Taa chache, kioo kidogo, hasara ndogo.

Kuna hii ya "dabo glasi". Kioo cha pili mbele kinasaidia kweli nyumba yenye watoto wanaorusha vitu, lakini hakiongezi ubora wa picha hata kidogo, kinaakisi dirisha, na hakihusiani na taa. Wauzaji wanakitumia kupandisha bei kana kwamba ndicho kinachofanya TV idumu, wakati TV hiyohiyo ndani ina stripu mbili dhaifu. Inauma kuona mama aliyejinyima miezi kadhaa analipia kioo cha ziada na kurudi mwaka unaofuata na TV yenye sauti tu. Kuna na wizi wa inchi: wanapima pamoja na fremu. Nenda na futi kamba, pima kioo kinachowaka kona hadi kona. Inchi 32 ni sentimita 80 au 81, inchi 43 ni 108 au 109. Pungufu ya hapo si hiyo unayouziwa.

Kibaya kuliko vyote ni waranti. "Mwaka mmoja" inatamkwa kwa sauti kubwa, kisha ukirudi unaambiwa haihusu kioo, haihusu umeme, na taa ni "mambo ya umeme". Kwa maneno mengine haihusu chochote kinachoharibika. Wengine wanathubutu kusema ukitaka risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, bei inapanda, na kodi hiyo tayari imo kwenye bei waliyokutajia. Dai risiti yenye jina la modeli na namba ya mashine kama ilivyo mgongoni, kisha kwenye kadi ya waranti muuzaji aandike kwa mkono kwamba waranti inahusu taa za nyuma na bodi ya umeme, tarehe, sahihi na mhuri. Fanya hivyo kabla hujatoa pesa, siyo baada. Akikataa kuandika, anajua anachokuuzia.