Unahama kampuni ya intaneti, TV na simu ya nyumbani? Anza na waya

Usianze na bei. Anza kwa kuuliza intaneti inafikaje nyumbani kwako, maana siku hizi TV na simu ya mezani mara nyingi zinapita humo humo, ikiwa mbovu vyote vitatu vinalala pamoja.

Kwangu namba moja ni faiba na hapo sibishani na mtu. Ni mwanga unaopita kwenye uzi wa kioo kwahiyo umbali hauisumbui kama waya wa shaba, na mara nyingi spidi ya kupandisha inakaribiana na ya kushusha, utaiona faida ukiwa kwenye video koli au unatuma mafaili makubwa. Ila hakikisha inaingia mpaka ndani, kuna wanaouza "faiba" kumbe inaishia kwenye boksi la mtaani halafu kipande cha mwisho ni shaba ile ile ya zamani.

Ya pili ni kebo ya TV. Inashusha vizuri sana, kupandisha ndo kuna unyonge, na jioni majirani wakiwasha wote mnagawana njia moja inaanza kusuasua. Ya tatu 5G ya nyumbani, yaani intaneti ya mtandao wa simu isiyo na waya, unachomeka ruta basi, hakuna kutoboa ukuta, lakini omba siku za majaribio na upime saa mbili usiku watu wakiwa nyumbani, sio saa nne asubuhi.

Setilaiti naiweka ya nne, na hapa zinatofautiana sana: setilaiti za Starlink ziko kama kilomita 500 juu, zile za zamani ziko kilomita 35,786, kwahiyo kwa hizo za zamani ukiongea jibu linachelewa nusu sekunde au zaidi, kwa simu inakera kweli. Waya wa simu wa shaba chukua kama hakuna kingine, na uwe karibu na kituo cha kampuni ya simu.

Spidi usiuziwe kubwa bure. Megabiti 100 sio megabaiti 100, gawa kwa 8 unapata megabaiti 12.5 kwa sekunde. Netflix wenyewe wanashauri megabiti 15 kwa sekunde kwa picha ya 4K, familia nyingi gigabiti nzima (megabiti 1,000) hawaitumii.

Kifurushi cha vitatu kwa pamoja kinavutia, ila uliza bei ya ofa ikiisha inakuwa ngapi na ukivunja mkataba unalipa nini. Kama TV mnaangalia kwa app tu, chukua intaneti peke yake.

Sasa hapa ndo watu wanaumia: USIKATE ya zamani kwanza. Mimi nilikata nikijua fundi anakuja kesho yake, akaja baada ya siku tisa, nyumba nzima tukawa tunaishi kwa bando la simu. Acha zote mbili ziende pamoja wiki moja hivi. Na namba ya simu, kampuni mpya ndo inaihamishia kwao wakati namba bado iko hai, ukishaifunga mwenyewe unaweza kuipoteza. Kama imeili yako ni ya kampuni ya zamani hamisha akaunti za benki na nyinginezo mapema, wanaweza kuifunga.

Ukirudisha ruta na king'amuzi piga picha namba za nyuma, dai risiti, itunze mpaka bili ya mwisho ije ikiwa safi.