Lenzi nne zinazoficha kidole: nimezijaribu Wete

Seti hii niliiagiza kwa ajili ya wanafunzi wangu wa fizikia: lenzi mbili za fokasi (umbali kutoka lenzi hadi pale miale inapokutana) ya milimita 200, mbili za milimita 75, na reli ya mbao. Ni ule mpangilio uliooneshwa na Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, mwaka 2014.

Nilitundika kanga ukutani, nikapanga lenzi kwa fokasi, ndefu, fupi, fupi, ndefu, nikachungulia. Ukungu mtupu! Karatasi ya maelekezo ina vipimo vya makosa, na hilo limeniudhi kweli, maana asiyejua kukokotoa angeiweka kabatini moja kwa moja. Acha nafasi ya sentimita 27.5, kisha 33, kisha 27.5. Hapo korosho za kwenye kanga zikatulia, wima kabisa. Nikaingiza kidole kwa pembeni, pale miale inapobana kati ya lenzi ya kwanza na ya pili. Kidole hakionekani, korosho zipo vilevile! Mtoto mmoja aliinuka akaja kukishika, ahakikishe bado kipo.

Kidole kikifika katikati kabisa, picha hukatika. Ukichungulia kwa mshazari, pia. Na hii siyo ile nadharia ya mwanafizikia John Pendry ya 2006, ya kubuni maada inayopindisha mwanga ukazunguka kitu. Hivi ni vioo vya kawaida. Lakini kwamba miale huweza kuongozwa, darasa langu limeliona kwa macho.

Lenzi moja ilikuja na mkwaruzo, muuzaji akaibadilisha bila ubishi. Walimu wenzangu, nunueni, ila vipimo chukueni hivi vyangu.