Johnny Hallyday au Eddy Mitchell: uanze na nani?

Wote wawili ni watoto wa Paris, wote waliimba rock kwa Kifaransa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wote wakaingia kwenye filamu. Ila ukitaka mtu wa jukwaani, nenda kwa Johnny moja kwa moja. Alizaliwa 1943 akaitwa Jean-Philippe Smet. Mwaka 1993, akisherehekea kutimiza miaka 50, aliingia uwanja wa Parc des Princes kwa miguu, akikata katikati ya mashabiki waliomshika na kumvuta huku na huku mpaka akafika jukwaani. Hakuna mwimbaji wa Ufaransa aliyependwa namna ile. Alipofariki Desemba 2017, mamia ya waendesha pikipiki walisindikiza jeneza lake kwenye Champs-Élysées, barabara maarufu ya Paris.

Eddy, yaani Claude Moine, ni mtulivu zaidi. Alianza na bendi ya Les Chaussettes Noires.

Kwenye filamu, tuzo zinampendelea Eddy: mwaka 1996 alipata César, tuzo ya filamu ya Ufaransa, ya mwigizaji msaidizi bora kwa Le bonheur est dans le pré. Mimi hata hivyo namrudia Johnny wa L'homme du train (2002), jambazi aliyechoka, asiye na maneno mengi mbele ya mwigizaji Jean Rochefort, mwongeaji. Ukimya ule unanigusa sana.

Ukishindwa kuchagua, tafuta Les Vieilles Canailles, ziara yao ya 2017 pamoja na mwimbaji Jacques Dutronc. Johnny alikuwa anaugua saratani, na bado aliimba.