Ruzuku ilipoondoka: kubaki na mahindi au kugeukia viazi na nyanya?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Tanzania ilipunguza ruzuku ya mbolea hatua kwa hatua, kutoka asilimia 70 mwaka 1990/91 hadi sifuri 1994/95. Bei moja ya mahindi iliyopangwa na serikali kwa nchi nzima nayo ilishakufa. Mkulima wa Nyanda za Juu Kusini afanyeje?

Kubaki na mahindi. Nyumbani ugali haukosekani, na gunia linaweza kungoja bei ghalani, dumuzi, wadudu watoboao mahindi, wakiruhusu. Shida ni shamba lililozoea mbolea za dukani kama Urea na CAN: ukilinyima, mavuno yanashuka. Kwa Songea na Sumbawanga, mbali na soko la Dar es Salaam, pigo lilikuwa mara mbili. Zamani bei moja iliwafichia umbali. Sasa mfanyabiashara alikata gharama yote ya lori kwenye bei ya gunia, na mbolea ikapanda kwa nauli hiyohiyo.

Kugeukia viazi au nyanya. Hela inaingia mapema, na hata mbolea ya bei kamili inaweza kujilipa. Lakini nyanya haimsubiri mtu: soko likifurika, tenga linauzwa kwa bei ya kutupa. Dawa za ukungu nazo zinataka mtaji.

Kwangu mimi, barabara iliamua zaidi kuliko zao. Ilula mkoani Iringa, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam, nyanya ni chaguo la busara. Kijiji ambacho lori halifiki masika, ningebaki na mahindi, nichanganye na maharage, na samadi nisiiache ipotee zizini.