Miezi mitatu na programu ya kurekebisha lafudhi

Kwa miezi mitatu nimekuwa nikitumia programu ya simu inayodai kumwondolea mtu lafudhi ya lugha mama anapozungumza Kiingereza. Sitaitaja jina, kwa kuwa nimejaribu nyingine mbili za aina hiyo na kasoro nitakayoieleza nimeikuta kote. Matumizi yake ni rahisi: unasoma sentensi, simu inakurekodi, kisha maneno yanarudi kwenye skrini yakiwa yamepakwa rangi, kijani kwa yaliyopita na nyekundu kwa yaliyoanguka, pamoja na alama kwa asilimia. Siku ya kwanza nilipata asilimia 58 na kuarifiwa kwamba lafudhi yangu ni "nzito". Nakiri kwamba neno hilo lilinichoma, maana nimefanya kazi kwa Kiingereza miaka mingi na sikumbuki mtu aliyeshindwa kunielewa.

Nianze na lililo jema, nalo ni somo la mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache, na sisi tuliolelewa nacho huihamishia kanuni hiyo katika Kiingereza bila kujijua. Mimi nilikuwa nikilitamka neno "category" kwa kuikazia silabi ya "go", ilhali Kiingereza hukaza mwanzo wa neno. Programu iliniwekea mchoro wa sauti yangu chini ya mchoro wa sauti ya mwalimu, na nilipoona kilima changu kimesimama mahali ambapo yeye ana bonde, nilielewa kwa dakika moja jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza darasani. Somo hili lina faida ya kweli, kwa sababu msikilizaji wa Kiingereza hulitambua neno kwa mkazo wake, na ukiuhamisha unaweza kumpoteza hata kama sauti zote umezitoa sawasawa.

Somo la "th", kwa upande mwingine, lilinipotezea muda. Nilipojiandikisha niliulizwa lugha yangu ya kwanza, nikachagua Kiswahili, na bado nikapitishwa katika mazoezi 12 ya kuweka ulimi katikati ya meno, kana kwamba mtu anayesema thelathini, thamani, dhahabu na dhambi tangu utotoni anahitaji kufundishwa sauti hizo. (Wapo kati yetu wanaozigeuza kuwa s na z, lakini mara nyingi hao wana lugha nyingine nyuma ya Kiswahili, na programu haina nafasi ya kuandika lugha mbili.)

Kasoro kubwa iko kwenye irabu. Kiswahili kina irabu tano, ilhali Kiingereza cha kusini mwa Uingereza kina takriban 20 ukijumlisha na zile za mwambatano, yaani irabu mbili zinazotamkwa kwa pamoja kama moja, kwa hiyo si ajabu kwamba nayatamka maneno "pull" na "pool" kwa namna moja. Programu ilinihukumu kwa hilo kila siku. Nilipomsimulia rafiki yangu mzaliwa wa Glasgow, ambaye hajui lugha nyingine isipokuwa Kiingereza, alicheka na kuniambia kwamba hata yeye huyatamka sawa, kama wafanyavyo watu wengi wa Scotland. Alipakua toleo la bure ili ajipime. Kikwazo chake cha kwanza kilikuwa kwenye usajili, kwa sababu katika orodha ya lugha za kwanza Kiingereza hakimo, ikabidi achague kisanduku cha "nyingineyo". Alipata asilimia 64 na kushauriwa ajizoeze neno "pool".

Baada ya hapo nilianza kuziangalia alama zangu nyekundu kwa jicho jingine. Wenyeji wa kaskazini mwa Uingereza hulipa neno "cup" irabu ileile ya "put", Waayalandi wengi hutamka "thin" karibu sawa na "tin", na London wako wanaosema "fink" badala ya "think". Hao wote wamezaliwa ndani ya Kiingereza, na wote wangeangukia rangi nyekundu. Lafudhi ambayo programu inaiita "isiyo na asili" ina asili inayojulikana vizuri: Daniel Jones, mtaalamu Mwingereza wa fonetiki, alipochapisha kamusi yake ya matamshi mwaka 1917, aliegemea usemi wa familia za kusini mwa Uingereza ambazo wanaume wake walisomeshwa katika shule kubwa za bweni za kulipia. Mwaka 1941 BBC ilipomweka Wilfred Pickles, mtu wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, kusoma taarifa ya habari kwa lafudhi ya kwao, baadhi ya wasikilizaji walilalamika, ingawa Kiingereza kilikuwa lugha mama yake kama ilivyokuwa yao.

Mtu anayelipia programu hii halipii kicheko cha rafiki yangu, analipia hofu, na hofu hiyo haikutoka hewani. Mwaka 2010 Shiri Lev-Ari na Boaz Keysar wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba wasikilizaji huiamini kidogo zaidi sentensi ya kawaida inaposomwa kwa lafudhi ya kigeni, hata wakijua kwamba msomaji anawasilisha tu maneno ya mtu mwingine. Hata hivyo, watafiti Munro na Derwing walikuwa wameshaonyesha mwaka 1995 kwamba msikilizaji anaweza kuiita lafudhi nzito na papo hapo akaandika kila neno alilolisikia bila kosa. Uzito wa lafudhi na kueleweka ni mambo mawili, na programu inayachanganya katika asilimia moja.

Kwa hiyo naipa nyota mbili kati ya tano, zote mbili kwa ajili ya somo la mkazo, ambalo mtu mwenye bidii atalimaliza ndani ya mwezi mmoja. Asilipie mwaka mzima. Niliwaandikia wenye programu nikiomba mtumiaji aruhusiwe kueleza anazungumza na nani na anataka kuelewekaje. Walinijibu kwa adabu kwamba toleo lijalo litaongeza lafudhi ya pili, ya Kimarekani.