Miezi Saba na Kikapu cha Mboga za Kilimo Hai

Tangu mwezi Februari nyumba yetu ya Tabata, Dar es Salaam, imekuwa ikipokea kila Ijumaa kikapu cha mboga na matunda ya kilimo hai, yaani yaliyolimwa bila mbolea wala dawa za viwandani, kutoka milima ya Uluguru, kupitia huduma inayochukua oda kwa simu na kuleta mzigo hadi mlangoni kwa bodaboda. Tuko watu watano: mimi, mume wangu, watoto wetu wawili na mama mkwe, ambaye ana kisukari kwa mwaka wa tisa sasa. Kikapu cha wastani tunakilipia shilingi 28,000, nacho huwa na mafungu sita ya mboga za majani, kilo mbili au tatu za mboga nyingine, na matunda ya msimu. Gengeni kwetu mzigo kama huo ningeupata kwa shilingi 17,000 hivi, na kwa familia yenye ada za shule za kulipa hiyo si tofauti ya kupuuza.

Kilichonisukuma kuanza ni maji. Sehemu kubwa ya mchicha na matembele tunayokula mjini hulimwa mabondeni, na bonde la Mto Msimbazi, ambalo haliko mbali nasi, hupokea majitaka ya viwandani na majumbani. Watafiti waliopima mboga zinazomwagiliwa huko wamekuta ndani yake madini mazito kama vile risasi, ambayo yakishaingia kwenye jani hayaondoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha. Dada anayeniuzia mboga gengeni ni mwaminifu na ninaendelea kununua kwake vitunguu na nazi, lakini hata yeye hawezi kujua fungu alilolinunua alfajiri limetoka bonde gani.

Mboga za majani ndizo fahari ya huduma hii. Mnafu, majani ya maboga, mchicha na kisamvu huvunwa Alhamisi jioni, hufungwa kwa majani ya mgomba, na Ijumaa mchana zinafika zikiwa bado ngumu shinani. Mama mkwe, aliyezaliwa na kukulia Uluguru, aliuonja ule mnafu wiki ya kwanza akasema uchungu wake ndio ule wa kwao, na tangu siku hiyo yeye ndiye anayeipika mboga ya Ijumaa, kwa karanga na bila mafuta mengi. Majani huja na matundu ya wadudu hapa na pale, kwa kuwa wakulima hawa wanatumia maji ya mwarobaini, pilipili na vitunguu saumu badala ya viuatilifu vya dukani, na dawa hizo humpunguza mdudu bila kummaliza. Matundu hayo hayajawahi kunikera. Nyanya, kinyume chake, ni chache na ndogo, na wiki nyingine hazimo kabisa, jambo ninalolielewa: tangu kantangaze, mdudu anayeshambulia nyanya, aingie nchini mwaka 2014, kulima nyanya bila kupiga dawa kali ni kazi inayomtaka mkulima akague shina moja moja.

Mwezi Aprili, wakati wa masika, kikapu kilikuja na kabichi kubwa iliyobana, karoti zilizolingana kama zilizopimwa kwa rula, na mchicha uliokuwa umelegea. Mama mkwe alilishika fungu la mchicha akaligeuza, kisha akaniambia, "Mwanangu, hii mboga imelala sokoni, haijatoka shambani jana." Niliwapigia simu. Baada ya kuzungushwa kidogo, aliyepokea alikiri kwamba mvua ilikuwa imeharibu njia ya kushukia kijijini, hivyo wakanunua sokoni hapa hapa mjini ili wateja wasikose. Mvua haina mkosaji. Kilichoniumiza ni kwamba kikaratasi cha ndani kiliendelea kuandikwa "kilimo hai", na bei haikupungua hata shilingi moja. Mgonjwa ndani ya nyumba alikuwa analishwa neno.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza maswali ambayo ningepaswa kuuliza mapema. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha mwaka 2007 kiwango cha pamoja cha mazao ya kilimo hai, na alama yake inaitwa Kilimohai. Anayeitumia haruhusiwi kutia mbolea za viwandani, viuatilifu vya kemikali wala mbegu zilizobadilishwa vinasaba, na shamba lililokuwa likilimwa kwa kemikali hupitia kwanza kipindi cha mpito. Kwa kuwa mkaguzi wa kutoka nje ni ghali kwa mwenye nusu eka, wakulima wadogo wanaouza soko la ndani hutumia mfumo shirikishi, yaani wanakikundi hutembeleana mashambani, hukaguana, na kuandika walichokiona. Nilifikiri mwanzoni kwamba majirani watafichiana makosa, lakini mkulima mmoja aliyeongozana na mzigo alinieleza kwamba mmoja wao akipiga dawa kwa siri, kikundi kizima kinaweza kukosa alama, kwa hiyo jirani ndiye mwenye sababu kubwa kuliko zote ya kufungua macho.

Niliwaomba wahusika wa huduma waandike kila wiki jina la kikundi na kijiji ilikotoka kila mboga, na kile kilichonunuliwa sokoni kiandikwe hivyo na kiuzwe kwa bei ya sokoni. Nadhani sikuwa mteja pekee aliyelalamika, kwa maana kuanzia Juni kikaratasi kimebadilika na mara mbili nimerudishiwa fedha. Hilo limenirudishia imani zaidi kuliko ladha ya mboga yenyewe.

Unga wao wa dona niliuacha. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu kiini na pumba havijaondolewa, lakini kilimo hai hakimkingi mlaji dhidi ya sumukuvu, ambayo huletwa na ukungu kwenye mahindi yasiyokaushwa vizuri, na ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Nilipouliza mahindi yalikaushwaje na kama yamepimwa, sikupata jibu. Sasa nanunua mahindi makavu mwenyewe, nayachambua punje zilizobadilika rangi, na kusagisha kidogo kidogo, maana dona likikaa sana huchacha.

Kuhusu afya sitaki kudanganya mtu. Mama mkwe anaendelea na dawa zake na kliniki yake, na sukari yake imetulia zaidi, ila siwezi kusema ni kwa sababu ya kilimo hai. Tulichobadilisha ni sahani: kikapu kikishafika kimelipiwa, mboga zinapaswa kuliwa, na ugali umepungua kuipa mboga nafasi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku kwa mtu mzima. Kabla ya Februari sidhani kama tulifika nusu yake.

Anayetaka kujaribu aanze na kikapu kidogo, kwa sababu majani yanayofika Ijumaa hayavuki Jumatatu hata yakifungwa kwa kitambaa chenye unyevunyevu. Yaoshwe vizuri kwa maji safi, kwani shamba linalotumia samadi lina vijidudu vyake. Oda hufungwa Jumatano saa mbili usiku, na mimi kwa sasa nachagua mboga za majani, maharage mabichi, ndizi na papai tu, huku kabichi na karoti nikiziacha mpaka nitakapoona kwenye kikaratasi kijiji zilikotoka.